Jeli ya testosteroni, vidonge vya DHEA, na familia inayotafuta mtoto

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 42. Kwa miezi mitatu sasa najipaka jeli ya testosteroni, homoni ya kiume, niliyoagiza mtandaoni, kwa sababu nachoka mno na hamu ya tendo la ndoa imepungua. Mke wangu, miaka 37, anameza vidonge vya DHEA ili apate nguvu. Hatukupima chochote. Dada yangu wa miaka 53 ameandikiwa estrojeni, homoni ya kike, na daktari kwa ajili ya joto la ghafla la kukoma hedhi, lakini anaogopa kuitumia. Tuna binti wa miaka minne na tunatafuta mtoto wa pili. Je, tuko salama?

JIBU: Ndugu yangu, habari ya mtoto umeiweka mwishoni, lakini mimi naanzia hapo, kwa kuwa jeli hiyo inapingana na mnachokitafuta. Korodani huamrishwa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kupitia homoni mbili: LH na FSH. Pituitari ikikuta testosteroni imejaa kwenye damu, haiulizi imetoka wapi, inanyamaza tu. Korodani nazo hupunguza kazi, mbegu hupungua, na kwa wengine huisha kabisa. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliotumia sindano za testosteroni za kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume! Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, ila huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Acha kupaka, umwone daktari wiki hii. Huenda uchovu ukazidi kwa muda mpaka mwili uanze tena kujitengenezea.

Linalonitia hofu zaidi ni binti yenu. Jeli hubaki kwenye ngozi hata ikishakauka. Unapaka begani asubuhi, unavaa fulana isiyo na mikono, mtoto anakuja kulaza shavu lake palepale. Watoto waliokuwa wakigusana hivyo na mtu aliyejipaka wameota nywele za sehemu za siri na mifupa yao kukomaa kabla ya wakati. Fueni fulana na mashuka. Mkiona nywele au harufu ya kikwapa ya mtu mzima, mpelekeni kwa daktari na mtaje jeli waziwazi, maana asipoambiwa anaweza kutafuta ugonjwa mwingine kwa miezi.

Mke wako naye aache DHEA, isipokuwa kama daktari wa uzazi ndiye aliyempa. Inauzwa Marekani kama kirutubisho, na neno hilo huwafanya watu waione kama vitamini. Ni homoni. Mwili huigeuza kuwa testosteroni na estrojeni. Kwa mwanamke inaweza kuleta chunusi na ndevu, na homoni za kiume zikizidi sauti huwa nzito, pengine isirudi tena. Akishika mimba, homoni hizo, ziwe za vidonge au za ngozi yako, zinaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kike tumboni.

Kuhusu uchovu wako, kupima testosteroni leo kutakudanganya kwa sababu jeli bado imo. Mpe daktari nafasi ya kuangalia kwanza upungufu wa damu, kisukari, tezi ya thairoidi na usingizi, hasa kama unakoroma na pumzi hukatika usiku. Baadaye testosteroni hupimwa asubuhi, kabla ya kula, siku mbili tofauti. Wataalamu wengi huhesabu kuwa ni upungufu ikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita, tena pakiwa na dalili. Kama mnameza bayotini kwa ajili ya nywele, semeni kabla damu haijatolewa, kwani huvuruga baadhi ya vipimo. Siku ukija kuandikiwa testosteroni kihalali, utafuatiliwa tezi dume na wingi wa chembe nyekundu, kwa sababu dawa hii hufanya damu iwe nzito. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, dawa husimamishwa au dozi hupunguzwa.

Dada yako, kati yenu watatu, ndiye nisiyemhofia sana. Woga wake una historia: mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani ilisitishwa baada ya saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda kuonekana zaidi kwa waliopewa estrojeni na projestini, dawa inayofanya kazi kama homoni ya projesteroni. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Kwa aliye chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, anayeteswa na joto la ghafla na asiye na ugonjwa unaomzuia kutumia dawa hii, faida kwa kawaida huzidi hatari. Arudi kwa daktari wake na kumwambia kama amewahi kuganda damu, kupata kiharusi, ugonjwa wa ini au saratani ya matiti. Kama bado ana mfuko wa uzazi, aulize projesteroni yake iko wapi, maana estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko huo na inaweza kuleta saratani. Aulize pia kuhusu kiraka cha ngozini, ambacho hakionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge. Na akitokwa damu ukeni bila kutarajia, asisubiri tarehe ya kliniki.