Usinunue bodi ya boila kabla hujakaa na geji siku moja

Mkuu, hii yako naijua, imenitesa miezi mitatu. Umesema boila lako la kupasha nyumba joto linazima lenyewe, ukiongeza maji linawaka siku mbili kisha linazima tena, na juzi usiku likakata umeme wa nyumba nzima. Fundi kakwambia bodi (saketi ya umeme inayoliongoza boila) imekufa, ununue nyingine. Usinunue kwanza.

Mimi nilinunua. Boila likawaka vizuri, nikamshukuru fundi, baada ya wiki mbili tukarudi palepale. Alipotaja bodi ya pili ndipo nikaanza kumtilia shaka, maana ugonjwa unaopona kila ukiongezewa maji hauwezi kuwa wa umeme peke yake.

Kaa na geji, ile saa ya mshale inayoonyesha presha ya maji. Andika presha boila likiwa limepoa kabisa, halafu nusu saa baada ya kuwaka, halafu likishapoa tena. Yangu ilianza bar 1.2, ikapanda mpaka karibu 3, ikaja kulala kwenye 0.4. Likiwa limepoa linatakiwa liwe kati ya 1 na 1.5, na likiwaka lisipande sana, tuseme mpaka kama 2 hivi. Mshale ukirukaruka kama wangu, kwanza lishuku tangi la upanuzi.

Maji yakitoka nyuzi 10 hadi 80 yanatanuka kwa karibu asilimia 3. Mfumo wa lita 100 unazalisha karibu lita 3 za ziada, nazo lazima zipate pa kwenda. Ndiyo kazi ya hilo tangi: ndani lina mpira, upande mmoja maji, upande wa pili hewa, na ile hewa inabonyea kuwapisha maji. Hewa ikiisha, maji hayana pa kukimbilia, presha inafika bar 3 na valvu ya usalama inafunguka kuyamwaga nje. Boila likipoa, maji yaliyomwagika hayapo tena, presha inashuka chini mno, boila linajizima ili pampu isizunguke kavu. Wewe unaongeza maji, na mchezo unaanza upya. Na kila ukiongeza maji mapya unaingiza oksijeni inayokula chuma cha redieta kwa ndani, kwa hiyo huo si ufumbuzi hata kama unalifanya liwake.

Kupima tangi ni rahisi, ila watu wengi wanakosea hatua moja. Zima umeme, liache lipoe, funga koki za maji ya kwenda kwenye redieta na kurudi, kisha mwaga maji ya boila mpaka geji isome sifuri. Ukipima hewa maji bado yana presha, utasoma presha ya maji na kudhani tangi ni zima. Sasa bonyeza kile kisindano cha valvu ya tangi, ni kama ya tairi. Yakitoka maji, mpira umechanika, tangi ni la kubadilisha. Kisipotoka kitu, au ikitoka hewa kidogo tu, jaza kwa pampu ya baiskeli huku koki ya kumwagia maji ikiwa wazi, mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Mengi ni kati ya bar 0.75 na 1. Langu lilikuwa limeishiwa hewa tu.

Valvu ya usalama ikishafunguka mara kadhaa huwa haikai sawa, kauchafu kananasa kwenye kikalio chake na inadondosha polepole. Weka chombo chini ya bomba lake la nje usiku kucha uone kama inadondosha. Usithubutu kuliziba.

Kama presha inapanda hata boila likiwa limepoa, hiyo ni habari nyingine: koki ya kujazia haifungi vizuri, au kibadilisha joto cha maji ya kuogea kimetoboka na maji ya bomba kuu yanapenya. Funga koki ya maji yanayoingia kwenye boila, angalia kama mshale unasimama.

Sasa umeme. Kwanza jua kilichokatika ni nini. Fyuzi ya boila ikiungua, mara nyingi kuna shoti kwenye pampu, feni au bodi. Lakini kama iliyokata ni ile breka inayohisi umeme ukivuja kwenda ardhini, yaani kwenye ethi (nyingi zinakata kwenye miliampea 30), tafuta unyevu. Kwangu, kitoa hewa kilichopo juu ya pampu kilikuwa kinatokwa jasho kila presha ikikaribia 3, tone moja moja, linadondokea soketi ya waya za pampu. Nililiona kwa tochi na kipande cha tishu, shaba imeshaota ukijani. Umeme ukiwa umezimwa kwenye ubao mkuu, na kipima umeme kimethibitisha hakuna kitu, tulichomoa ile soketi, tukawasha tena: breka haikukata. Bodi haikuwa na kosa lolote.

Tahadhari moja: kwenye maboila mengi ya gesi kifuniko cha mbele ndicho kinachozuia moshi usiingie ndani ya nyumba. Kama lako ni la namna hiyo, kukifungua ni kazi ya fundi mwenye leseni ya gesi, wewe simama pembeni umwoneshe pa kuangalia.

Na kama geji ya mshale inasema 1.3 huku skrini inasema 0.2, basi presha ipo, sensa, yaani kihisi cha presha, ndiyo inayodanganya. Tope jeusi limeziba kitundu chake, au waya umelegea. Hapo pia wengi huuziwa bodi.

Leta zile namba tatu za presha, na useme ni fyuzi au breka. Bodi ya zamani usimwachie fundi aondoke nayo. Yangu ya kwanza tuliirudisha kwenye boila kwa kujaribu tu, na ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.