Machozi ya rafiki yangu niyapeleke jukwaani?

Shangazi, nina miaka 47, naishi Pasua hapa Moshi, nauza vitenge soko la Mbuyuni. Kuna kikundi Arusha kinaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu ndoa na urafiki wa watu wa umri wetu. Nimepewa kurasa mbili nijiandae, usaili ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mwanamke ninayetakiwa kumwigiza ameachwa na mume baada ya miaka 22. Rafiki yangu kipenzi aliachwa vivyo hivyo, na mimi ndiye niliyekesha naye usiku ule. Kila nikisoma namwona yeye, nalia. Sijamwambia. Mume wangu naye anauliza kwa umri huu najianika jukwaani kutafuta nini. Niende?

Mdogo wangu, nenda. Ila kabla ya kwenda Arusha, nenda kwanza kwa rafiki yako, tena wiki hii.

Mpe zile kurasa azisome mwenyewe, kisha unyamaze. Huendi kumwomba ruhusa ya kuigiza. Wanawake walioachwa katika umri huo ni wengi na mchezo haukuandikwa juu yake. Unakwenda ili asije akajiona kwa mara ya kwanza amekaa katikati ya watu. Na yale uliyoyaona wewe peke yako usiku ule, maneno aliyoyasema, alivyojifunika kanga usoni, hayo ni yake. Akikwambia usiyaguse, yaache, hata mwongozaji akitaka zaidi.

Nakwambia hivi kwa ajili ya urafiki wenu, lakini hata sanaa inataka hivyo. Usiku ule wewe ulikuwa shahidi. Uliyechemsha chai ni wewe. Machozi unayoyatoa sasa ni ya mtu anayetazama mwenzake akiumia, na aliyeachwa mara nyingi hata kulia hajaanza. Anatafuta funguo. Anauliza watoto wamekula. Kwa hiyo, kila mstari jiulize huyu mama anataka nini kwa anayeongea naye, ukifuate hicho. Chozi likija, lije lenyewe.

Kama ndani ya kurasa hizo yumo rafiki anayemsikiliza, jifunze na maneno yake. Kwenye usaili mtu anaweza kuambiwa asome nafasi nyingine papo hapo, na mimi moyo wangu unaniambia hiyo ndiyo unayoijua kwa mifupa yako.

Sauti haikusumbui, muuza vitenge wa Mbuyuni anasikika mbali. Ivute kutoka tumboni, usipige kelele, na usiogope kunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Kuhusu mume: umri si hoja, mchezo wenyewe unawataka watu wa umri wako. Lakini Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi. Muulize mwongozaji mazoezi ni siku zipi, yanaisha saa ngapi, nauli analipa nani, halafu kaa na mzee umweleze. Huenda kinachomsumbua ni wewe kurudi usiku, na hajajua namna ya kulisema.

Rafiki yako akizipokea vizuri zile kurasa, mwombe akusomee upande wa pili jioni moja kabla ya Jumamosi. Akisita, usimbembeleze. Soma na binti yako, kama unaye.