Re: Namba za majarida hazilingani, nani kakosea?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini namba za usomaji wa majarida ya mtandaoni mnazopewa na wachapishaji kwa vyuo vyenu vitatu hazilingani. Kama mchapishaji mmoja anakupa namba karibu mara mbili ya mwenziwe usimlaumu bado, tizama kwanza kama hujalinganisha Total_Item_Requests (kila mara makala ilipofunguliwa) na Unique_Item_Requests (makala ile ile mara moja tu kwa kikao), hivi ni vipimo vya COUNTER, kanuni ya wachapishaji ya kuhesabu usomaji, manake mwanafunzi akisoma makala kwenye ukurasa halafu papo hapo akaidaunlodi PDF, Total inahesabu mbili, Unique moja. Mie hapa Malindi nilikesha na eksel mpaka adhana ya alfajiri, kumbe nimechukua safu siyo, nikajicheka weye!

Ripoti ya COUNTER ya kuamulia jarida gani likatwe usajili ni TR_J1, ishatoa makala za bure zilizo wazi kwa wote (Open, zamani zikiitwa OA_Gold). TR_J2 nayo ichungulie, inaonesha waliotaka kusoma wakazuiwa. Uingereza JUSP, tovuti ya takwimu za usomaji wa majarida, inazikusanyia maktaba zao namba hizi pahala pamoja, nyie vyuo vitatu anzeni na SUSHI tu, njia ya kompyuta kuzivuta ripoti hizi yenyewe toka kwa mchapishaji, kukopi kwa mkono wacheni.