Niliuza viwanja vya Ihumwa nikanunua namba mgongoni mwa saa

Juzi jioni nilipata ujumbe wa msomaji aliyeko Manyoni. "Shikamoo kaka," ameandika, "nimepata kronografu ya toleo maalumu, mgongoni imeandikwa 212/500. Mwenye nayo anataka milioni 13 na anasema kuna mtu mwingine anaitaka. Nina kiwanja Dodoma, nataka nikiuze nimalizie. Unanishauri nini?"

Kronografu ni saa ya mkono yenye vitufe vya kupimia muda, na 212/500 maana yake ni ya 212 kati ya saa 500 za toleo hilo. Sikumjibu usiku ule. Niliacha simu mezani nikatoka nje kupunga upepo, kwa sababu maneno yale yote, hadi lile la mtu mwingine anayeitaka, niliyasikia mimi mwenyewe mwaka 2015. Leo nayasimulia. Hadi sasa niliwaambia wachache tu, na mke wangu bado hapendi tuyaguse.

Nianze na marehemu baba. Alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Dodoma, na saa yake ya ufunguo ndiyo ya kwanza niliyoiweka sikioni nikaisikiliza. Kila alfajiri aliitia ufunguo kabla ya chai, kisha akailinganisha na redio. Alinifundisha kuisoma kwa namna yetu: mshale mfupi ukiwa kwenye 7 ni saa moja, ukiwa kwenye 8 ni saa mbili. Saa ile ilipotea tulipohama nyumba ya reli, na nadhani tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta kwenye mikono ya watu.

Katika saa zote, kronografu ndizo zilizoniteka. Kitufe cha juu kinaanzisha na kusimamisha mshale wa kupimia, cha chini kinaurudisha sifuri. Pembezoni kuna namba za takimita, zinazokusomea mwendo. Ukiwa ndani ya treni ya SGR ya kwenda Morogoro, ikashika kilomita 160 kwa saa, kilomita moja inaisha kwa sekunde 22 na nusu. Bonyeza mwanzo, bonyeza mwisho, mshale unasimama kwenye 160. Zile ninazozisema mimi hazina betri, ni magurudumu na springi peke yake. Ninyi mnaonisoma mnaijua raha hiyo, sina haja ya kuwashawishi.

Mwaka 2015 nilikuwa mkandarasi mdogo wa umeme. Nilikuwa nimemaliza kazi mbili nzuri, nikasafiri nje ya nchi kununua vifaa, na siku ya mwisho nikaingia duka la saa. Muuzaji alikuwa na glavu nyeupe. Alinitolea kronografu, akaigeuza taratibu, nikaona: 0638/1000. Akaniambia zimebaki mbili tu, na ya pili tayari ina mtu. Jina la kampuni silitaji, wala la duka. Saa yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nililipa arubuni palepale, nikarudi nyumbani, nikaongeza akiba yangu ya miaka minne, nikauza viwanja viwili Ihumwa kwa bei ya mtu mwenye haraka. Jumla ilinitoka milioni 17.

Jambo moja linaniuma hadi kesho. Siku ileile, duka la pili, nilionyeshwa Omega Speedmaster ya Snoopy iliyotoka mwaka huo. Uso mweupe, na ndani ya kijisaa cha kushoto kuna mbwa wa katuni amelala. Niliikataa. Niliona ni mchezo wa watoto, mtu mzima hawezi kuingia nayo kwenye kikao cha zabuni.

Sikuwa nimeisoma hadithi yake. Aprili 1970 tangi la oksijeni la chombo cha Apollo 13 lililipuka njiani kwenda mwezini. Wanaanga wakazima karibu kila kitu ili kuokoa umeme, na ilipofika wakati wa kusahihisha njia ya kurudi duniani, injini ilipaswa kuwashwa kwa sekunde 14. Mmoja wao, Jack Swigert, alizihesabu kwa Speedmaster aliyokuwa amevaa. Walirudi wote watatu wakiwa hai, na mwaka huohuo Omega wakapewa tuzo ya Snoopy wa Fedha, ambayo wanaanga huwapa watu waliosaidia usalama wa safari zao. Ndiyo maana toleo la 2015 lilikuwa na saa 1,970, kwa ajili ya mwaka ule, na pale kwenye sekunde 14 za mwanzo wameandika swali: unaweza kufanya nini kwa sekunde 14? Leo bei yake sokoni imepita mara mbili ya bei ya dukani. Yangu ilikuwa na idadi ndogo zaidi, 1,000. Hadithi haikuwa nayo.

Julai 2016 nilikuwa juu ya ngazi navuta nyaya kwenye nyumba ya mtu hapa Majengo, redio ikiwa chini. Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Nilishuka. Sihitaji kuwaeleza wenyeji wa hapa kilichofuata kwenye bei za ardhi, na Mji wa Serikali wa Mtumba uko jirani kabisa na pale nilipouza.

Kilichofuata kwenye saa ni kifupi. Mwaka uliofuata kampuni ileile ilitoa saa ileile yenye uso wa buluu, nyingine 1,000. Baadaye ikaja ya kijani. Namba yangu ikawa moja kati ya elfu tatu. Halafu kiangazi kimoja kitufe cha chini kikaanza kugoma. Ninyi mnalijua vumbi letu la Agosti. Nilimpelekea fundi saa mmoja mjini, mzee mwenye mikono myepesi kuliko fundi yeyote ninayemjua. Aliiangalia kwa lenzi yake, akanirudishia: "Mwanangu, hii siifungui. Nikiharibu kipande, sina pa kukipata." Ikapelekwa nje, ikakaa miezi saba, nikalipa milioni moja na laki tisa. Mwaka 2020 kazi ziliposimama niliiuza kwa milioni tano. Aliyeinunua hakuiangalia hata hiyo namba mgongoni.

Sisi wakusanyaji wa hapa si wengi. Jumamosi tunakutana Area D, watu watano au sita, kila mmoja na kisanduku chake, na suala la matoleo maalumu halijawahi kutupatanisha. Mzee wetu mmoja, mhandisi mstaafu, hataki kabisa kuyasikia. Anasema namba mgongoni ni uamuzi wa ofisi ya mauzo, na anapenda kutukumbusha kwamba Rolex Daytona, inayopiganiwa kuliko zote, ni saa ya kawaida ya kampuni tangu 1963, haina namba ya toleo. Tena zile zenye uso wa rangi mbili, ambazo leo zinaitwa kwa jina la mwigizaji Paul Newman, enzi zake zilikaa dukani bila kununuliwa. Wateja hawakuzipenda, zikatengenezwa chache. Ile aliyoivaa Newman mwenyewe, zawadi ya mkewe, iliuzwa mnadani New York Oktoba 2017 kwa dola milioni 17.75. Uchache wake ulikuja wenyewe.

Dada yetu mwanasheria anapinga, na hoja yake ina nguvu. Yeye hununua toleo maalumu endapo kuna kitu kimebadilika ndani ya mashine, au endapo linaenzi jambo lililotokea kweli. Likiwa limebadilishwa rangi na mkanda tu, analiacha. Kila anapoeleza haya anarudi kwa Zenith, kampuni ya saa ya Uswisi. Januari 1969 walitangaza El Primero, kronografu inayojitia ufunguo yenyewe, inayopiga mapigo 36,000 kwa saa, kwa hiyo inapima sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 1975 wamiliki kutoka Marekani wakaamuru mashine za ufunguo ziachwe na vifaa vyake viuzwe kama chuma chakavu, kwa kuwa dunia imehamia kwenye betri. Fundi mmoja, Charles Vermot, alikaidi. Alivipandisha vifaa darini kidogo kidogo, akaandika kila kimoja ni cha nini, akavificha. Miaka ya themanini uzalishaji ukarudi, na kuanzia 1988 hadi 2000 Rolex wenyewe waliitumia mashine hiyo ndani ya Daytona. "Toleo linaloenzi mtu kama huyo," anasema dada, "nitalilipia." Mimi hapo namuunga mkono.

Yupo na kijana wetu anayenunua ili auze. Sina ugomvi naye. Ila ameshakwama na saa tatu, na sijamsikia akizitaja siku hizi.

Basi ushauri wangu ni huu, nao umenigharimu viwanja viwili. Mtu akikuonyesha namba, muulize kuhusu hadithi. Muulize kampuni ilitoa matoleo mangapi mengine ya saa hiyohiyo, kwa sababu kampuni inayotoa "maalumu" kila miezi sita inauza rangi. Muulize mashine ya ndani ni ipi. Kronografu nyingi za bei kubwa zimebeba Valjoux 7750, mashine iliyotoka miaka ya sabini mwanzoni. Ni imara na mafundi wengi duniani wanaijua, lakini utaikuta pia kwenye saa za bei ya chini zaidi, kwa hiyo usikubali kuilipia kama kito. Dai boksi, kadi na risiti, na namba zote zifanane. Bonyeza vitufe mwenyewe: mshale uondoke bila kuruka, na ukirudishwa utue juu ya 60 kamili. Usibonyeze cha kurudisha sifuri wakati mshale unakimbia, isipokuwa saa imeundwa kwa ajili hiyo. Na kabla hujatoa hata shilingi, jua ni nani ataifungua siku ikigoma, na kwa kiasi gani. Hilo mimi sikuuliza.

Na hadithi. Narudia, ulizia hadithi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa yenye thamani haihitaji muuzaji akuambie kuna mtu mwingine mlangoni. Vijana wenzangu wa Dodoma, wa Singida, wa Kondoa, pesa inayokutoka kwa hofu ya kukosa hairudi. Mungu akikupa riziki, ardhi itangulie, ada za watoto zifuate, kisha saa. Mimi nilipanga kinyume, kwa sababu nilitaka wakandarasi wakubwa wanione mkono wangu. Walioiona walikuwa wawili, na mmoja aliniuliza kama ni ya Kariakoo. Nililala vibaya usiku ule. Usinunue saa kwa ajili ya macho ya mtu ambaye haijui.

Leo ninavaa Speedmaster ya kawaida, niliyoinunua mkononi mwa mtu, yenye mashine namba 1861, ya kutia ufunguo kila asubuhi. Haina namba ya toleo. Kioo chake si kioo hasa, ni plastiki ngumu kama zile walizokwenda nazo mwezini, na vumbi likiikwaruza naisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini hadi ing'ae. Najivunia kuivaa kuliko nilivyowahi kujivunia ile ya milioni 17. Binti yangu wa darasa la tano anaitumia kupima mbio zake uwanjani, na ameshajifunza kuisoma kama babu yake: mshale kwenye 7, saa moja.

Yule ndugu wa Manyoni nimemjibu leo alfajiri. Nimemwomba picha ya mgongo, picha ya kadi, na video fupi ya vitufe vikibonyezwa. Nimemuuliza kiwanja chake kiko upande gani wa mji na kama hati bado iko mkononi mwake. Amesema kiko Nala, na hati anayo. Nimemwambia tuonane kwanza Jumamosi, Area D, mzee na dada watakuwepo, na mwenye saa akiweza aje nayo.