Hapana, Sina Duka la Matairi

Mdogo wangu, pamoja na ninyi nyote mliokutana kwa Mama pale Free Area, Nakuru, Jumapili iliyopita, ujumbe wenu wa sauti umenifikia na nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa ndani ya lori huku Colorado, Marekani, nikisubiri kupakiwa mzigo. Nimeelewa hivi. Mwezi wa Desemba, Mama aliponipigia simu ya video, aliona matairi manne yamesimamishwa ukutani nyuma ya kiti changu, akaniuliza kama siku hizi nauza matairi, nami nikacheka bila kumjibu kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na dakika tano kabla ya kuingia kazini. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Kufikia Krismasi nilikuwa na duka. Kufikia Mwaka Mpya duka lilikuwa limezaa tawi. Na Januari, nilipotuma nusu ya karo ya mpwa wetu na kueleza kwamba nusu nyingine imeliwa na matairi, mkaulizana ni mfanyabiashara gani anayefilisiwa na bidhaa yake mwenyewe.

Naomba nijibu hili la matairi peke yake. Habari za kodi ya nyumba, upweke na chakula kisicho na ladha mmekwisha kuzisikia kwa kila mtu aliyewahi kupanda ndege, na sitawachosha nazo.

Matairi aliyoyaona Mama ni ya gari langu dogo. Niliyavua mwezi wa Novemba nikavalisha gari matairi ya theluji, na kwa kuwa wenye jengo hawaturuhusu kuweka vitu kwenye roshani, yale niliyoyavua yanalala sebuleni pamoja nami hadi theluji iishe. Hilo ndilo duka lenyewe. Halina mteja wala kibao, na harufu yake ya mpira imeingia hadi kwenye mto wa kulalia.

Mtauliza kwa nini gari moja liwe na seti mbili za matairi kama mtu mwenye viatu vya kanisani na vya shambani. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya digrii saba hivi, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyopoteza uwezo wa kuishika barabara, hata kama meno yake bado ni marefu na hata kama hakuna theluji yoyote. Asubuhi ya Julai pale Nakuru, tunapovaa masweta na kulalamika kwamba tutakufa kwa baridi, kipimajoto huwa karibu na digrii tisa au kumi. Kwa hiyo sisi tumeishi maisha yetu yote juu ya mstari ambao shida hii huanzia, na ndiyo maana hakuna fundi wa kwetu aliyewahi kututajia. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi kali, na meno yake yamekatwa mipasuko myembamba mingi inayouma theluji. Ubavuni lina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Tairi lisilo na mchoro huo, muuzaji akikuapia kwamba ni la majira yote, mwache aape.

Mwenye kosa katika jambo hili si Mama. Ni yule jirani yetu aliyekuja likizo kutoka Dallas, akawaambia kwamba ameishi Marekani miaka kumi na mmoja na hajawahi kununua tairi la theluji hata moja. Amesema kweli. Lakini kumuuliza mtu wa Dallas kuhusu majira ya baridi ya Colorado ni sawa na kumuuliza mtu wa Lodwar kuhusu sweta za Molo. Kule Quebec, nchini Kanada, sheria yenyewe inaagiza kwamba gari dogo liwe na matairi ya theluji kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na asiyekuwa nayo hutozwa faini. Mjini kwangu hakuna anayenilazimisha. Nililazimishwa na mambo mawili yaliyonipata, na sikuwahi kuwasimulia kwa sababu ya aibu.

Majira yangu ya kwanza ya baridi niliendesha na matairi niliyolikuta gari nayo. Asubuhi moja nilikuwa ninakaribia taa za barabarani kwa mwendo wa mama anayetoka sokoni na kikapu kichwani, nikakanyaga breki mapema kabisa, na gari halikusimama. Liliendelea kuteleza polepole, kwa adabu, nikiwa nimeshika usukani na kuomba, mpaka likagusa gari la mbele. Hakuna aliyeumia, ila bima yangu ilipanda na ikakataa kushuka. Majira ya pili nikajifanya mjanja: nikanunua matairi mawili ya theluji ya mtumba na kuyafunga mbele, ambako ndiko injini inakovuta. Mbele kukashika vizuri sana, nyuma kukakosa pa kushika, na kwenye kona ya kwanza yenye barafu, mkia wa gari ukanipita. Niligeuka nikatazama nilikotoka. Basi mwaka huu nilinunua yote manne, mapya.

Bei yake, pamoja na kufungiwa, ilikuwa dola 840. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 108,000. Najua hesabu mtakayoifanya kwa sababu niliifanya mimi mwenyewe nikiwa nimesimama dukani na kadi mkononi: karo rasmi ya shule ya kitaifa ya bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka, yaani niliegesha miaka miwili ya karo chini ya gari. Mpwa wetu aliporudishwa nyumbani Januari, nililala usiku ule nikiwaza kwamba karo yake iko nje inanyeshewa theluji. Msidhani sikuona haya. Niliona. Lakini kazini kwangu naanza saa kumi alfajiri, yadi iko umbali wa kilomita arobaini, basi halifiki huko saa hizo, na dereva asiyefika kwa wakati mzigo wake hupewa mwingine.

Sasa nikujibu wewe, mdogo wangu, unayeendesha matatu ya Nakuru na Kisumu na unayetaka kuuza kipande chako cha shamba cha Njoro uje kuendesha malori huku. Umesema kwamba umekwisha kuendesha juu ya mvua ya mawe ya Kericho, barabara ikiwa nyeupe, na kwamba theluji haiwezi kukushangaza. Mvua ya mawe ya Kericho huyeyuka kabla abiria hawajamaliza kuisimulia. Theluji ya huku huyeyuka kidogo mchana, maji yake yakasambaa barabarani, na jua linapozama yakaganda na kuwa barafu nyembamba ambayo huioni, kwa sababu rangi unayoiona ni ya lami iliyo chini yake. Madaraja hutangulia kuganda. Tena baridi ya karibu na sifuri ina utelezi mbaya kuliko ya digrii kumi na tano chini ya sifuri, jambo ambalo akili ya mtu wa kwetu hulikataa mpaka limtokee.

Unanikumbusha pia kwamba niliteremka mteremko wa Salgaa na trela lenye mzigo kwa miaka tisa, na kwamba aliyepona Salgaa hana cha kuogopa. Hilo ndilo lililokaribia kuniua. Wewe unajua kwamba waliokuwa wakiondoa gia ili waokoe dizeli ndio waliozikwa, na sisi tuliobaki tulibaki kwa sababu tuliteremka kwa gia nzito na breki ya injini. Huku kuna barabara kuu ya I-70 inayopanda milima magharibi mwa Denver hadi kwenye handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Timboroa kwa zaidi ya mita 600, kisha inateremka kama mtu aliyesukumwa. Barabara ikiwa kavu, mafunzo ya Salgaa yanatosha. Ikiwa na barafu, breki ya injini hushika magurudumu ya kusukuma peke yake, yaani yale yanayozungushwa na injini. Magurudumu hayo hukwama huku lami ikiteleza chini yake, nalo trela, ambalo halijaambiwa lolote, huendelea kuja. Mara yangu ya kwanza niliona taa za trela langu mwenyewe kwenye kioo cha pembeni mahali ambapo hazikupaswa kuwa. Niliachia kila kitu, nikaiacha mikono itulie, likanyooka. Sikulala siku mbili.

Ndipo inapokuja minyororo. Sheria ya jimbo hili inataka kila lori kubwa la biashara linalopita I-70 kati ya Dotsero na Morrison, kama kilomita 200, libebe minyororo kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, hata kama siku hiyo jua linawaka. Vibao vikianza kumulika kwamba minyororo ifungwe, unaingia mahali palipotengwa kando ya barabara, unashuka. Ukikutwa bila minyororo faini inapita dola 500, na ukikwama ukafunga barabara inapita dola 1,000. Hayo ni ya sheria. Ya mwili ni haya: kila mnyororo una uzito kama wa mtungi wa maji wa lita ishirini, na unatakiwa kuutandaza juu ya tairi, kuusogeza mpaka upande wa ndani, kisha ujilaze kwenye tope la theluji, uingize mkono nyuma ya tairi na kutafuta kulabu usiyoiona kwa vidole usivyovihisi. Unafunga matairi manne ya kusukuma. Unasogea kidogo, unasimama, unashuka tena kuikaza, kwa sababu mnyororo uliolegea hukatika na kupiga mipira ya breki. Baada ya hapo hupaswi kuvuka kilomita 50 kwa saa hivi, na lami ikianza kuonekana unajilaza tena ili uifungue.

Kwetu nilikuwa na tanboi, msaidizi wangu wa lori. Tairi likipasuka Mau Summit, mimi nilikuwa nikinywa chai na yeye akifanya kazi, na wakati mwingine nilimfokea kwamba anachelewa. Mkimwona mtaani mpeni salamu zangu na mwambieni namwomba radhi. Huku dereva ndiye tanboi. Usiku mmoja wa Februari nilikuwa chini ya lori, glavu zimelowa na kuanza kuwa ngumu kama mti, kijana wa umri wa mtoto wangu akapita na tochi, akaniambia kwamba nimeifunga ndani nje. Nilianza upya. Simu ikaita, mtu wa ofisini akauliza kwa nini lori halisogei. Tunalipwa kwa maili, mdogo wangu. Ile saa moja na nusu niliyolala chini ya ekseli haikuwa na malipo, na ndiyo saa ninayoifikiria kila mnaponiambia kwamba huku dereva huketi tu na lori hujiendesha lenyewe.

Kwa hiyo usije. Kaa na matatu yako. Barabara ya Kisumu unaijua na inakujua.

Najua hutanisikiliza, kwa kuwa mimi pia sikumsikiliza aliyeniambia. Basi ukija, usiuze Njoro, kodisha. Fika mwezi wa Mei, usifike Novemba, ili upate miezi ya kuzoea barabara kabla haijabadilika. Usinunue matairi ya mtumba, ingawa ukiyapata yenye meno marefu na mchoro ule wa mlima, nunua, mradi yawe manne. Pima upepo kila wiki, maana baridi huupunguza bila tundu lolote. Usidanganywe na gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne: litakusaidia kuondoka, halitakusaidia kusimama. Jifunze kufunga mnyororo mchana, penye jua, mara kumi, kabla hujaufunga usiku. Na usinipigie simu ukiwa na hofu barabarani. Simama kwanza, kisha nipigie saa yoyote, hata saa tisa ya usiku, nitapokea.

Nusu iliyobaki ya karo nitaituma Ijumaa. Aprili nitabadilisha matairi, kwa sababu mpira huu laini ukiuendesha wakati wa joto huisha haraka, na hapo Mama ataona kwenye simu matairi mengine manne yamesimama ukutani. Hayo sasa ndiyo yenyewe. Nitayasogeza karibu aone ule mlima wenye chembe ya theluji, lakini tafadhali mtu asimtajie bei.