Efteling na watoto wadogo: anzia msituni

Dada, umeuliza uanzie wapi Efteling, ile bustani ya burudani kule Uholanzi, kwa siku moja tu na watoto wa miaka minne na saba. Anza na Sprookjesbos, ule msitu wa hadithi. Ndio moyo wa bustani, ulifunguliwa 1952 kwa michoro ya msanii Anton Pieck, na humo ndani hamna haja ya kukimbizana na foleni. Tembeeni taratibu. Kuna Langnek, jamaa amekaa chini ametulia, mara shingo inaanza kupanda, inapanda, hadi inapita vichwa vya watu wote. Wangu walishika suruali yangu kwa nguvu, kisha wakadai tusubiri apande tena.

Halafu wape karatasi mkononi. Mapipa ya taka ni bwana mnene aliyeachama mdomo, Holle Bolle Gijs, anaita "Papier hier!" (karatasi hapa!) na kuivuta karatasi kwa pumzi. Ukimlisha anashukuru. Wangu waliokota taka za watu wasiowajua ili wamlishe, na nilifurahi kweli.

Droomvlucht pandeni mapema, foleni yake hurefuka. Mnakaa kwenye vibehewa vinavyoning'inia, mnapita gizani katikati ya misitu na majumba yanayoelea. Wa miaka minne atakaa vizuri tu.

Baron 1898, treni ya kuteremka kwa kasi, ni ya wakubwa, inakuporomosha wima mita 37.5 shimoni. Pokezaneni na baba yao. Jioni msiondoke kabla ya Aquanura, onyesho la maji na moto ziwani.