Jumbe za "Mach" kwenye kompyuta yangu: nimedukuliwa?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Mac ya mtumba, feni inavuma kama jenereta. Nikafungua ile programu inayoonyesha kazi zinazoendelea, nikabofya mojawapo, nikakuta hesabu ya jumbe za "Mach", maelfu kwa maelfu, zinaingia na kutoka. Mwenzangu wa geto anasema nimedukuliwa. Kweli?
Msomaji, Tandika

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujadukuliwa, mwambie mwenzako atulie.

Mach ni kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu ya ndani kabisa inayozisimamia programu nyingine zote. Kilianza kujengwa 1985 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, chini ya Richard Rashid. Jina lilitoka kwenye matope! Mvua za huko zilipowachafulia njia, mmoja wa wajenzi wake, Avie Tevanian, akatania mradi uitwe MUCK, yaani tope. Mhandisi Mwitaliano wa chuoni hapo, Dario Giuse, akalisikia, akaliandika kwa tahajia ya kwao: Mach. Rashid akalipenda. (Wangepita Jangwani masika wangeuita nini?)

Kiini cha Unix, mfumo endeshi uliotamba enzi hizo, kilikuwa kama mama ntilie asiye na msaidizi: anapika, anapakua, anapokea hela, anaosha sahani. Akiungua mkono, siku hiyo hakuna wali. Akina Rashid wakataka kiini kibaki na kazi chache: kugawa kumbukumbu, kupanga zamu za prosesa (ubongo wa kompyuta), kupeleka jumbe. Mafaili na mtandao vikae nje kama programu za kawaida, viagizane kwa jumbe kupitia poti, yaani vidirisha vya kupokelea jumbe. Ndizo hizo ulizoziona.

Kasoro yake sasa. Kijana wa kupeleka jumbe akimbie kwa mpishi, arudi kwa mshika hela, aende kwa mwosha sahani, kwa sahani moja tu ya wali maharage? Utakula umepoa. Toleo la 3 la Mach, lililoitoa Unix nje ya kiini kabisa, lililaumiwa kwa uzito huohuo.

Tevanian akahamia NeXT, kampuni ya Steve Jobs, akaenda na Mach yake. Desemba 1996 Apple, watengenezaji wa Mac, ikatangaza kuinunua NeXT, na mfumo wa NeXT ukawa msingi wa ule wa Mac. Kwenye Mac yako Unix imerudishwa jikoni, yaani ndani ya kiini, inapika bega kwa bega na Mach, ndiyo maana huoni uzito ule. Mimi naona wamefanya la maana, ingawa wapo mafundi watakaonibishia hadi magharibi.

Hiyo feni nahisi ni vumbi, au pesti ya kupoozea prosesa imekauka. Ilete Mtaa wa Aggrey tuifungue, ila si Jumamosi mchana. Hapapitiki.